Kichupa cha pili: uchambuzi wa kisa cha simu wakati wa kugawa dawa

"Sista, samahani. Jana ulivunja kichupa kimoja."

Aliyesema hivyo ni mama aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amempakata mwanawe wa miezi tisa. Muuguzi alikuwa ameshafungua kizibo cha kanula, ule mrija mwembamba unaokaa mshipani, kwenye mkono wa mtoto, bomba la sindano ameshalipachika, na kidole gumba kiko tayari kusukuma. Akasita. Akalitazama bomba, kisha akageuka kutazama toroli. Pale juu palikuwa na vichupa viwili vitupu, shingo zimevunjwa. Mtoto yule alitakiwa kupata mililita 1.5. Ndani ya bomba mlikuwa na mililita 2.25.

Dawa haikuingia. Mtoto aliponea chupuchupu, akapewa dozi yake sahihi dakika ishirini baadaye, na siku nne mbele akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa wodi hiyo. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nilikihukumu vibaya kwa siku mbili nzima kabla sijakielewa, na hukumu yangu ya kwanza ni ileile ninayoisikia kila mahali panapotajwa simu na wauguzi. Nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtoto, mama au muuguzi. Muuguzi mwenyewe ameyasoma maelezo haya na kuniruhusu niyatoe.

Dakika zenyewe

Ilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto. Wagonjwa 26, wauguzi wawili. Saa tatu ndiyo saa ya dawa za sindano. Muuguzi mmoja alikuwa chumba cha pembeni akihangaika kumtafutia mshipa mtoto aliyeletwa jioni hiyo akiwa ameishiwa maji mwilini. Mwenzake, ambaye ndiye mhusika wa kisa hiki, alishika toroli peke yake.

Watoto wawili waliolala vitanda jirani walikuwa wakitumia gentamisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Wote waliandikiwa miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kipimo kinachotajwa pia na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto. Dawa ile huja katika kichupa cha kioo cha mililita 2 chenye miligramu 80, yaani miligramu 40 katika kila mililita. Mtoto wa kwanza alikuwa na kilo 8, kwa hiyo dozi yake ni miligramu 60, sawa na mililita 1.5. Kichupa kimoja kinamtosha na robo yake inabaki. Wa pili alikuwa na kilo 12: miligramu 90, mililita 2.25. Kwake kichupa kimoja hakitoshi, lazima uvunje cha pili. Naomba msomaji aishike hesabu hii, maana kisa kizima kimelala humo.

Muuguzi alisimamisha toroli katikati ya vitanda viwili. Akapaka mikono dawa ya kutakasa. Akachukua faili la mtoto wa kilo 8, akalibana kwa kiwiko, akatoa simu mfukoni na kufungua kikokotoo. Akaandika nane mara saba nukta tano. Kabla hajagusa alama ya sawasawa, simu ikatetema kiganjani na ujumbe ukashuka kutoka juu ya kioo, ukazifunika namba. Akaugusa, akausoma, akaufunga. Kwa makisio yake mwenyewe, sekunde kumi, pengine kumi na mbili.

Katika sekunde hizo faili lilimponyoka kiwikoni, likaangukia juu ya mafaili mengine nayo yakateleza. Akayakusanya, akayapanga upya. La juu sasa lilikuwa la mtoto wa kilo 12.

Alifanya jambo ambalo mkufunzi yeyote angelisifu: hakuiamini hesabu iliyokatizwa. Alifuta namba zote na kuanza upya. Akasoma uzito kwenye faili lililokuwa mbele yake, kumi na mbili, akazidisha, akagawa, akapata 2.25. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Akavunja kichupa cha kwanza, kikaisha, akavunja cha pili. Kisha akaelekea kitanda alichokuwa amekikusudia tangu mwanzo. Kichwa kilirudi kwenye faili lisilo lake, miguu ikaendelea na safari yake ya kwanza.

Hakusoma jina kwenye utepe wa mkononi. Alikuwa amemhudumia mtoto yule siku tatu mfululizo, anamjua kwa sura, anamjua hata kwa kilio. Kila aliyewahi kufanya kazi wodini anajua kwamba utepe husomwa kwa makini zaidi kwa mgonjwa mgeni, na hapo ndipo mazoea yanapotuponza.

Je, dozi ile ingemdhuru? Gentamisini ikizidi, hasa ikizidi kwa kurudiarudia, huumiza figo na sikio la ndani, na usikivu ukipotea kwa njia hiyo mara nyingi haurudi. Ziada ya nusu dozi kwa mara moja huenda isingeacha alama yoyote. Lakini wodi ile ile, toroli ile ile na simu ile ile ndivyo vinavyotumika kupimia insulini, potasiamu na dawa za degedege, ambako ziada ya kiasi hicho haina msamaha.

Hukumu ya kwanza

Asubuhi nilipokabidhiwa taarifa, nilijaza fomu ya tukio. Penye nafasi ya chanzo niliandika maneno matano: muuguzi alikuwa akitumia simu binafsi. Niliona nimemaliza.

Kikao cha wodi kilikuwa kifupi. Hakuna aliyebisha. Mmoja alisema vijana wa siku hizi hawawezi kukaa dakika tano bila kuchungulia simu, na wenye umri wangu tukatikisa vichwa kukubali. Nikatoa agizo: kila anayeingia zamu aweke simu yake kwenye kikapu mezani, aichukue anapotoka.

Kikapu kiliishi usiku mmoja na nusu. Usiku wa kwanza, muuguzi aliyetaka kuhesabu matone ya dripu alikosa saa, maana saa ya ukutani ilikuwa imesimama miezi na hakuna aliyejali kwa kuwa kila mtu alikuwa na simu. Akaenda kikapuni. Daktari wa zamu hakuwa akipatikana kwa simu ya mezani, ambayo ilikuwa inapokea tu na haipigi nje. Wakaenda kikapuni. Majibu ya damu yalitumwa na maabara kama picha katika kundi la WhatsApp la wodi. Wakaenda kikapuni. Usiku wa pili taa ya chumba cha matibabu iliungua, na mshipa wa mtoto ukatafutwa kwa tochi ya simu. Kufika usiku wa manane kikapu kilikuwa kitupu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaidi kwa ajili ya starehe.

Hapo ndipo nilipoanza kuona aibu, ingawa bado sikuwa nimefika penyewe. Simu ilikuwa saa yetu, tochi yetu, kikokotoo chetu, mjumbe wetu wa maabara na kengele yetu ya kumwita daktari. Wodi haikuwa imenunua hata kimoja kati ya vitu hivyo. Tuliviazima kutoka mifukoni mwa wauguzi bila kuwaomba, na siku kifaa kile kilipoleta madhara tukakiita simu binafsi.

Ujumbe wenyewe

Siku ya tatu nilimwita muuguzi tuzungumze wawili. Sikumwomba simu. Aliiweka mezani mwenyewe, akaifungua kwenye ujumbe wa saa 3:08 usiku.

Ulikuwa umetumwa na mimi.

"Ratiba ya wiki ijayo imebadilika. Kila mmoja athibitishe kwamba ameiona." Niliuandika nikiwa nyumbani, nimeshakula, nikijisifu moyoni kwamba namaliza kazi ya kesho leo. Niliutuma kwa kundi zima, walio zamu na wasio zamu, katika saa ambayo mimi mwenyewe, kuliko mtu mwingine yeyote, nilijua kwamba ni saa ya dawa. Na mwezi mmoja kabla nilikuwa nimewakemea hadharani waliochelewa kuthibitisha.

Nilimwuliza kwa nini aliufungua hapo hapo. Alikaa kimya kidogo. "Nilidhani ni dada," akasema. Alikuwa amemwachia dada yake mtoto mwenye homa, na kabla ya kuingia zamu walikubaliana kwamba homa ikipanda atamwandikia. Simu aliiacha kwenye mtetemo kwa sababu hiyo. Alipoona ni ratiba, alishusha pumzi, akarudi kwenye hesabu.

Nimelifikiria sana lile la kushusha pumzi. Aliporudi kwenye toroli alikuwa ametulia kuliko alivyokuwa dakika moja kabla, na ndipo alipokosea. Sisi wakuu wa wodi tumezoea kutafuta uzembe, na uzembe tunaujua sura yake: mtu ameegemea ukuta, anacheka na simu, mgonjwa anaita. Uzembe huo upo, nimeuona, na unastahili kukemewa. Ila kisa hiki hakikuwa na sura hiyo hata kidogo. Ujumbe ulikuwa wa kazi. Kifaa kilikuwa mkononi kwa ajili ya kazi. Mtu aliyekishika alikuwa mwangalifu kiasi cha kufuta hesabu na kuanza upya.

Sekunde kumi ni nyingi

Tunapozungumzia simu wodini tunapenda kuuliza muda gani mtu alikuwa kwenye simu, kana kwamba dakika chache hazina neno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walichapisha mwaka 2014 jaribio lililofanywa kwa watu 300 waliopewa kazi ya kufuata hatua kwa mpangilio maalumu. Walikatizwa kwa muda mfupi mno, wastani wa sekunde 2.8, na makosa ya kupotea hatua yakawa maradufu. Ukatizaji ulipofika sekunde 4.4, makosa yakawa mara tatu. Na kugawa dawa ni nini, kama si kufuata hatua kwa mpangilio? Faili, uzito, hesabu, kichupa, bomba, utepe, mshipa. Muuguzi wangu alikatizwa sekunde kumi.

Tena si lazima aguse simu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwapa watu kazi inayohitaji umakini, kisha wakawapigia au kuwatumia ujumbe katikati ya kazi bila wao kujua kwamba ni sehemu ya jaribio. Umakini wa waliopata mlio au mtetemo ulishuka hata wasipoitazama simu, na kushuka huko kulikaribiana na kule kwa watu wanaotumia simu wakati wa kazi. Kwa hiyo lile agizo tunalolipenda, "acha tu usijibu", halitoshi. Mtetemo mfukoni umeshafanya kazi yake: mtu ameshajiuliza ni nani.

Kuhusu dawa hasa, utafiti ninaoutegemea ni wa Johanna Westbrook na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuata wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney, Australia, wakiandika kila walichofanya katika kutoa dozi 4,271 kwa wagonjwa 720. Zaidi ya nusu ya dozi zilitolewa huku muuguzi akikatizwa walau mara moja, na kila ukatizaji uliambatana na ongezeko la asilimia 12.7 la makosa ya kitabibu. Uwezekano wa kosa kubwa ulikuwa asilimia 2.3 pasipo kukatizwa, ukafika 4.7 muuguzi alipokatizwa mara nne wakati wa kutoa dawa moja. Utafiti ule haukuhusu simu. Ulihusu kila kinachomkata mtu: mwenzake, ndugu wa mgonjwa, daktari, kengele. Nautaja kwa sababu hiyohiyo. Tatizo ni la zamani kuliko simu, na simu imelipa njia ya kumfuata muuguzi hadi kiganjani, katika sekunde ileile anapohesabu.

Marubani walikutana na jambo hili mapema. Mwaka 1974 ndege ya abiria ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, na uchunguzi ulionyesha kwamba marubani walikuwa wakipiga soga zisizohusu safari. Mwaka 1981 nchi hiyo ikaweka kanuni kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000, isipokuwa katikati ya safari ya kawaida, hakuna mazungumzo wala shughuli isiyohusu kuirusha ndege salama. Kanuni haikumtaka rubani awe kimya safari nzima. Ilichagua dakika za hatari, ikazilinda. Mimi katika wodi yangu nilifanya kinyume chake: nilijaribu kulinda saa kumi na mbili za zamu kwa kikapu, na nikaziacha wazi zile dakika kumi za toroli.

Mikono, kwa ufupi

Kuna jambo jingine ndani ya kisa hiki ambalo hakuna aliyeliona usiku ule, mimi pia sikuliona hadi niliposoma maelezo kwa mara ya tatu. Muuguzi alitakasa mikono, kisha akashika simu, kisha akafungua kanula. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataja nyakati tano za kutakasa mikono, na mojawapo ni kabla tu ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama kufungua njia iendayo moja kwa moja kwenye damu. Simu ikiingia katikati, utakaso umetenguka. Uchunguzi uliochapishwa Uturuki mwaka huohuo wa 2009 ulipima simu za wahudumu wa afya 200, na asilimia 94.5 zilikutwa na bakteria. Mikono tunaiosha mara kwa mara. Simu inatoka chooni, inapita mezani, inafika kitandani, na inarudi nyumbani kuchezewa na watoto. Sina la kuongeza hapo zaidi ya kusema kwamba hata ujumbe wangu usingefika, simu ile haikupaswa kushikwa baada ya mikono kutakaswa.

Alichokiona mama

Nilikwenda kumshukuru yule mama. Nilitarajia mazungumzo mafupi, nikakaa karibu nusu saa.

Alinieleza kwamba kwa siku tatu alikuwa akihesabu vichupa. Hakuwa na maarifa ya dawa, ila hakuwa na kazi nyingine ya kufanya pale kitandani zaidi ya kutazama, na kichupa kinapovunjwa shingo kinatoa sauti. Siku ya kwanza sauti moja. Siku ya pili moja. Usiku ule alisikia mbili.

Nikamuuliza kuhusu simu. Akainamisha macho. "Nilimwona anachati," akasema, "nikasema moyoni, huyu hana habari na mwanangu." Nilipomweleza kwamba muuguzi alikuwa akipiga hesabu ya dozi, alishangaa kweli. Kutoka pale alipoketi aliona mgongo wa simu na mwanga chini ya kidevu cha muuguzi. Kikokotoo, tochi, saa, maongezi na wapenzi, vyote vina mgongo mmoja. Mgonjwa hawezi kutofautisha, na hakuna siku tuliyowahi kumsaidia atofautishe. Tangu siku hiyo sikubali tena mtu anayesema kwamba wagonjwa wanalalamika kwa kutoelewa. Wanalalamika kwa kile tunachowaonyesha.

Kisha akaniambia lile lililonikosesha usingizi. Alikaribia kunyamaza. Sauti ya pili ilipovunjika alishtuka, lakini akajizuia, akamwacha muuguzi akavuta dawa, akaja, akafungua kanula. "Niliogopa ataniambia, kwani wewe ndiye daktari?" Alipata ujasiri dawa ikiwa imebaki kusukumwa tu. Na sehemu ya woga wake, alisema, ilitokana na simu: mtu aliye kwenye simu anaonekana ana haraka, na mtu mwenye haraka huwezi kumuuliza kitu.

James Reason, mwanasaikolojia Mwingereza, alifananisha vizuizi vya usalama na vipande vya jibini vyenye matundu vilivyopangwa kimoja mbele ya kingine. Madhara hupita siku matundu yanapolingana. Kwetu yalilingana karibu yote: ratiba yangu, saa iliyosimama, mwenza aliyekuwa chumba cha pembeni, utepe usiosomwa. Kipande cha mwisho kilikuwa mama, na simu ilikuwa imeanza kumtoboa naye.

Tulichobadilisha, na kilichogoma

Nilirudi kwenye ile fomu, nikafuta maneno yangu matano na kuandika upya ukurasa mzima, pamoja na jina langu na saa niliyotuma ujumbe. Nilipousoma kikaoni, wauguzi wawili walinyoosha mikono kueleza matukio yao ambayo hawakuwahi kuyaripoti. Mmoja alikuwa akihesabu pumzi za mtoto wa mwaka mmoja kwa saa ya simu, ujumbe ukaingia katikati ya dakika, akakadiria kilichobaki, akaandika 38. Kwa umri ule, pumzi 40 kwa dakika ndipo tunapoanza kusema mtoto anapumua haraka. Hakuwa na hakika, na hakurudia kuhesabu. Aliwaza tu kwamba akiripoti ataambiwa alikuwa akichezea simu.

Tulianza na vitu vya kushika. Saa ya ukutani ikatengenezwa, ile yenye mshale wa sekunde. Kikokotoo cha kawaida kikafungwa kwa kamba kwenye toroli. Pembeni yake tukabandika jedwali la dawa tano tunazotumia zaidi, uzito upande mmoja, mililita upande wa pili, likaguliwe na mfamasia kila dawa inapobadilika ujazo. Tochi ya matibabu. Simu ya mezani ikafunguliwa iweze kupiga nje. Nilipoomba vitu hivi niliulizwa kwa nini wodi inavihitaji ghafla baada ya miaka yote, na jibu langu lilikuwa kwamba tulikuwa tunavihitaji miaka yote.

Tukakubaliana kwamba kichupa cha pili ni kituo. Kwa mtoto, ukijikuta unavunja kichupa cha pili cha dawa ileile, unasimama na kumwita mwenzako asome faili na wewe, hata kama una hakika. Kila kinachojirudia mkononi ni ishara, na ishara hii ina hata sauti.

Kundi la WhatsApp halikufungwa. Ila kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne usiku, na nyakati nyingine za dawa, hakuna anayetuma chochote humo, mkuu wa wodi akiwa wa kwanza kuzuiwa. La dharura linapigiwa simu ya mezani. Kuthibitisha ratiba kumefutwa kabisa. Ratiba ipo ukutani.

Vizibao vya rangi vyenye maandishi ya kuomba muuguzi asisumbuliwe hatukuvichukua. Westbrook na wenzake walivijaribu pamoja na hatua nyingine, wakachapisha mwaka 2017: ukatizaji usiohusu dawa ulishuka kutoka 50 hadi 34 katika kila dozi 100, jambo jema, lakini wauguzi waliviona vinachosha na vina joto, na chini ya nusu yao walitaka viwe utaratibu wa kudumu. Pia ujumbe wa simu hausomi kizibao.

Lililogoma ni simu binafsi zenyewe. Sikutaka tena kikapu, wala sikuwa na uso wa kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa nyumbani azime simu usiku kucha. Tulianza kwa kusema simu ikae mezani na mwenzako aipokee kwa niaba yako unaposhika toroli. Inafaa pale mtu wa pili yupo mezani. Kwa wauguzi wawili na watoto 26, mara nyingi hayupo, na simu inalia peke yake kwenye meza tupu huku mwenyewe akiisikia kutoka kitanda cha tano, jambo ambalo kwa umakini wake ni baya karibu sawa na kuwa nayo mfukoni. Sasa tumewaomba waache namba ya mezani nyumbani kwao kwa dharura na kuzima mlio wakati wa toroli. Baadhi wanafanya. Wengine hawaiamini simu ya mezani, maana wanajua mara ngapi inaita bila mtu wa kuipokea. Jibu la kweli hapa ni mtu wa tatu katika zamu ya usiku. Nimeliomba kwa maandishi, nikaambatisha kisa hiki, na bado nasubiri.

Na tukaanza kusema namba kwa sauti. Mbele ya kitanda, kabla ya kufungua kanula, muuguzi anataja jina la mtoto, uzito na kiasi cha dawa, kisha anamuuliza mzazi kama ndivyo ilivyokuwa jana. Mwanzoni wauguzi walihofia kudharauliwa. Anayelazimika kushika simu mbele ya mgonjwa anasema pia anachofanya nayo: nahesabu pumzi zake, nampigia daktari. Ni maneno matatu au manne.

Wiki ya sita nilibaki wodini hadi usiku. Muuguzi yuleyule alikuwa na toroli, kitanda cha kona. Simu yake ilikuwa mezani kwa mwenzake, na nilimwona mwenzake akiipokea, akisikiliza, akiandika kitu kwenye kipande cha karatasi. Hakumwita. Kule kitandani nilimsikia muuguzi akisema, "Mama, kilo kumi na moja, mililita mbili na kidogo, kichupa cha pili nimekikagua na mwenzangu." Mama yule akajibu kwamba jana pia vilikuwa viwili. Dawa ikaingia taratibu, kanula ikafungwa, glovu zikavuliwa, mikono ikatakaswa. Ndipo alipofika mezani akapewa karatasi. Ilikuwa imeandikwa: dada amepiga, amekula, amelala. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akarudi kusukuma toroli kuelekea kitanda kinachofuata.